Kitangi cha Mshikaji Wangu

Kila kitu kinachopelekwa kinywani kina ndugu wawili: kilichomo na kilichokibeba. Chai ina kikombe, gongo ina chupa, dawa ina kijiko, sigara ina karatasi. Sisi tumezoea kumsifu au kumlaumu yule wa kwanza tu. Nani amewahi kukaa kijiweni akauliza kikombe hiki kimetengenezwa kwa kitu gani? Tunauliza chai ina sukari au haina, basi. Hata mimi nisingeuliza, kama mshikaji wangu mmoja wa hapa Karatu asingeamua kuunda vepu kwa mikono yake, halafu akaniachia mimi, eti kwa sababu ninasoma sana na kuandika-andika, kazi ya kumtafutia jibu la swali moja: kitangi kiwe cha nini?

Kwa ambao hawajaiona kwa karibu, vepu si mzimu. Ni koroboi. Koroboi ina kikopo cha mafuta, ina utambi, ina moto. Vepu ina kitangi cha kimiminika, ina utambi wa pamba, ina koili ya waya inayopashwa joto na betri. Tofauti ni kwamba koroboi hula mafuta ikatoa mwanga, na vepu hugeuza kimiminika kuwa mvuke, mtu akauvuta hadi mapafuni. Kimiminika chenyewe ni propilini glaikoli na glisarini, pamoja na ladha, na mara nyingi nikotini, ile ile ya tumbaku. Aliyefanya chombo hiki kienee duniani ni mfamasia wa China, Hon Lik, mvutaji sugu ambaye baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Chake kilitokea mwaka 2003. Kabla yake Mmarekani Herbert Gilbert alikuwa amepata hataza ya sigara isiyo na moshi mwaka 1965, lakini haikuingia sokoni.

Mshikaji wangu ni fundi simu. Kibanda chake kiko karibu na stendi, na tangu kidato cha pili anavuta sigara, pakiti kwa siku, ya pili ikifunguliwa siku za mshiko. Mwaka juzi shemeji alishika mimba. Jamaa akaniambia maneno ambayo sikuyategemea kutoka kwake: "Mwandishi, mtoto akizaliwa sitaki anijue kwa harufu." Akajaribu kuacha kwa nguvu zake, siku nne, akarudi. Akajaribu tena, siku sita, akarudi. Ndipo dereva mmoja wa watalii aliyetengenezewa kioo cha simu, akawa hana chenji ya kutosha, akamwachia vepu yake iliyoharibika. "Betri nzima," akasema. "Kitangi ndiyo kimekufa."

Kitangi kilikuwa cha plastiki angavu, na kilikuwa kimepasuka mistari midogo midogo mwili mzima, kama tope la Ziwa Eyasi likikauka mwezi wa kumi. Hakikuangushwa. Dereva aliapa. Mle ndani kulikuwa na kimiminika cha ladha ya mdalasini.

Hapo ndipo somo lilipoanzia. Plastiki si kitu kimoja, kama vile mti usivyo kitu kimoja. Polikaboneti na akriliki ni angavu, hazivunjiki ovyo, zinapendeza machoni. Lakini mafuta ya mdalasini, ya machungwa, ya limau na mengineyo yenye harufu kali huingia kati ya nyuzi zake, yakazilegeza, na plastiki ikapasuka yenyewe bila kuguswa. Mtu haoni kitu mpaka siku mfuko wa suruali unapolowa. Na kabla ya siku hiyo, kile kilicholegezwa na mafuta kilikuwa kinakwenda wapi? Sehemu yake ilibaki kwenye kimiminika, na kimiminika ndicho kinachokwenda kwenye koili.

Jamaa hakuniamini. Fundi haamini mpaka aone. Basi tukafanya jaribio la bei poa kuliko yote. Tulinunua chungwa moja sokoni, tukachukua kalamu ya biki yenye mwili angavu, ambao ni wa polistirini, tukakamulia maganda juu yake mara kadhaa, yale mafuta yanayowasha macho. Tukaiacha usiku kucha. Asubuhi pale palipomwagikiwa palikuwa pamefifia na kunata kidoleni. Upande wa pili wa meza tulikuwa tumeweka bomba la sindano kutoka duka la dawa, nalo tumelikamulia chungwa hilo hilo. Lilikuwa kama lilivyotoka kwenye pakiti. Mwili wa bomba la sindano ni polipropilini, plastiki isiyo angavu sana, yenye ukungu kidogo, haina urembo wowote, lakini haibabaiki haraka mbele ya mafuta. "Kumbe mzuri ni yule mbaya," jamaa akasema, akacheka peke yake.

Nilipokuwa natafuta zaidi nikagundua kwamba swali letu si geni katika ardhi hii. Watu wa huku walilijibu zamani sana, kila kabila kwa namna yake, bila chuo wala maabara.

Nenda Mang'ola, kando ya Eyasi, huko kwenye mashamba ya vitunguu, halafu ingia porini kwa Wahadzabe. Kiko chao ni cha jiwe laini, kimechongwa mithili ya bomba fupi, tumbaku mbele, mdomo nyuma. Kwa nini jiwe, na miti imejaa? Kwa sababu mti unaungua. Jiwe halikubali kuwa sehemu ya moto. Linashika kaa, halibadiliki, halichangii ladha yake. Na si jiwe lolote. Linalochongeka bila kupasuka linapatikana sehemu chache tu za nchi yao. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeishi nao kwa muda mrefu, aliandika mwaka 1982 kwamba wanaume wa Kihadzabe hucheza kamari ya kurusha vipande vya magome ya mti, na kwa kamari hiyo mishale na viko vya mawe huhama mkono hata mkono mpaka kufika kwa watu wa kambi zisizo na jiwe hilo. Yaani jiwe zuri la kiko lilikuwa na thamani ya kuchezewa pamoja na mshale, kitu kinachomlisha mtu.

Wazee wa pwani nao walikuwa na kiko cha maji, na kila kipande kilikuwa na jina lake na kitu chake. Bori la kuwekea tumbaku na kaa lilikuwa la udongo. Digali liliteremsha moshi. Chombo chenyewe cha maji kilikuwa kifuu cha nazi au kibuyu. Shilamu ndiyo iliyokwenda mdomoni. Hata ule mgugumio wa maji ulipewa jina, malio ya kiko. Udongo uliwekwa panapoungua, kibuyu panapolowa. Hakuna aliyewahi kuwa mjinga kiasi cha kubadilisha nafasi zao.

Panda sasa mlima, pita geti la Lodoare, ingia kwa Wamasai wa Ngorongoro. Wao wengi hawavuti, wananusa ugoro au kuuweka mdomoni, na ugoro huchanganywa na magadi. Magadi ni makali. Mama yeyote aliyewahi kupikia magadi kwenye sufuria ya alumini anajua sufuria inavyogeuka nyeusi. Ni kwamba magadi yanaila alumini. Kwa hiyo wazee walibeba ugoro kwenye pembe au kwenye mwanzi, na kifuniko cha ngozi, ukae mkavu, chombo kisiliwe na kilichomo. Halafu watalii walipoanza kumwagika na kamera zao, vikopo vya plastiki vya filamu vikawa vingi, vyepesi, na vifuniko vinavyobana barabara. Wazee wakavipokea. Wengine walivipachika kwenye tundu la sikio, wakapigwa picha, na watu wa Ulaya wakazicheka picha hizo. Mimi sioni cha kucheka. Mzee aliona chombo kikavu, kisicholiwa na magadi, kisichovuja, cha bure. Ungemwambia nini cha kumsahihisha?

Na ukitaka kwenda mbali zaidi, vuka ukingo wa kreta, teremka upande wa Serengeti mpaka Oldupai. Pale, karibu miaka milioni mbili iliyopita, viumbe waliotutangulia walikuwa wakichagua mawe. Kilima cha Naibor Soit, jina la Kimasai lenye maana ya mawe meupe, kiliwapa kwatzaiti. Watafiti waliopima makali ya mawe ya bonde hilo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2020 waliona kwamba kwatzaiti hutoa makali kuliko mengine lakini huisha haraka, na mawe ya volkano huwa butu kidogo lakini hudumu, na wenyeji wale wa kale walitumia kila jiwe kwa kazi inayolifaa. Nilipomsimulia jamaa haya, aliweka chini bisibisi. "Kwa hiyo mimi ni wa mwisho kwenye foleni ya miaka milioni mbili," akasema. "Basi nisiharibu."

Tukaendelea. Wa pili kujadiliwa alikuwa kioo. Kwa usafi hakuna wa kumshinda. Mdalasini, limau, chochote, kioo hakiambukizwi na hakiambukizi. Unaona kimiminika kimebaki kiasi gani, na hilo si jambo dogo, kwa sababu utambi ukikauka koili inauunguza na mtu anavuta moshi wa pamba iliyoungua. Kioo bora ni cha borosiliketi, kile cha vyombo vya maabara, kwa kuwa kikipata moto hutanuka kiasi cha theluthi moja tu ya kioo cha dirisha, hivyo hakipasuki ovyo joto likibadilika. Tulipata kipande cha mrija wa namna hiyo kwa rafiki. Jamaa akakikata kwa tupa na uzi uliowashwa moto, akakisugua mdomo kwa msasa mpaka kikawa laini. Kilipendeza, bwana! Ukikiinua juani unaona mpaka Oldeani.

Kikafa siku ya tatu. Jamaa alipanda pikipiki kutoka Mang'ola, barabara ile ya vumbi na mawe, vepu mfukoni. Alipofika Karatu alikuwa na vipande vya kioo pajani na suruali imelowa nikotini. Akakaa kibandani mkono umeshika kichwa, jasho jembamba na kichefuchefu, kwa maana nikotini hupita kwenye ngozi. Akaoga mara mbili. Shemeji, ambaye mimba ilikuwa ya miezi saba, hakusema kitu, aliiokota ile suruali kwa kijiti akaitupa nje. Halafu akauliza swali moja tu: "Na huyu akianza kutambaa, hivyo vioo na hayo maji yatakuwa wapi?"

Tulikaa kimya wote wawili. Ndipo kioo kilipotolewa kwenye mashindano.

Kuna jambo lingine tulilojifunza kwa barabara zetu, nalo halimo kwenye maelekezo ya mtu yeyote. Eyasi iko mita 1,000 na ushei kutoka usawa wa bahari. Ukingo wa kreta uko mita 2,300 hivi. Ukipanda kutoka chini hadi juu, hewa ya nje inapungua kani, na ile hewa iliyofungwa ndani ya kitangi inatanuka ikitafuta pa kutokea. Mlango pekee ni utambi. Basi inasukuma kimiminika nje, na vepu inalia machozi. Ni kisa kile kile cha pakiti ya krispi inayovimba ukifika getini na kalamu ya wino inayochafua shati la mwalimu. Dereva wa watalii alikuwa ameilalamikia vepu yake miezi mingi akidhani ni mbovu. Ni mlima. Dawa yake si kubadilisha kitangi tu, ni kukijaza kabla ya kupanda ili hewa iliyomo iwe kidogo, na kukisimamisha mdomo juu. Pia kitangi kisiwe kikubwa kupita haja. Kikubwa kinabeba hewa nyingi, na hewa nyingi ndiyo inayovujisha.

Wa tatu alikuwa shaba, na hapa nusura urafiki wetu uingie mdudu.

Wahunzi wa Kidatoga wa Mang'ola ni watu wa kuwavulia kofia. Wanayeyusha mabomba ya zamani, koki, makufuli mabovu, kwa mivuo ya ngozi ya mbuzi na mkaa, na kutoka humo wanatoa bangili zinazong'aa kama zimetoka dukani. Vichwa vya mishale wanavyovifua kwa misumari huwafikia Wahadzabe kwa kubadilishana. Tulikwenda kwa mzee mmoja. Tukamwamkia, shikamoo mzee, akatukaribisha, jamaa akatoa mchoro wake. Mzee akautazama kwa muda. Akasema anaweza. Kopo dogo la shaba ya manjano, na kizibo chake, na nakshi akitaka. Bei yake ilikuwa ya haki. Jamaa macho yalimwaka, maana alishaona si kitangi kimoja bali vingi: "Vepu ya Mang'ola, mkono wa Mdatoga, mwandishi, wazungu watazigombania pale getini!"

Dili lilikuwa zuri, sikatai. Lakini koki na makufuli ya shaba hayatengenezwi kwa shaba nyekundu na zinki peke yake. Viwandani huongezwa risasi, mara nyingi asilimia 2 au 3, ili mashine ziweze kuichonga kwa urahisi. Mhunzi akiyeyusha koki, risasi haiendi popote, inabaki humo. Kwenye bangili si neno kubwa. Ndani ya chombo kinacholoweshwa mchana na usiku na kimiminika chenye ladha zenye tindikali, kisha kikapashwa joto na kuvutwa mapafuni, ni neno. Na jamaa alikuwa anapanga kukiunga kitako chake kwa lehemu ile ile ya kibandani, ambayo ni bati na risasi.

Nikamwambia hapo hapo njiani kurudi. Akanuna. "We kila kitu una sumu yake. Koki hizo hizo si ndizo tunazonywea maji?"

"Maji yanapita," nikasema. "Haya yanakaa. Na maji huyavuti mapafuni."

"Mzee yule anashika shaba miaka arobaini, ana nguvu kukushinda wewe."

Sikubishana kuhusu mzee. Nilimwambia vitu viwili tu. Cha kwanza, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumizwa kuliko wote ni watoto wachanga na walio tumboni. Cha pili, mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani walichapisha uchunguzi wa vepu za watu 56. Walipima kimiminika kwenye chupa kabla hakijaingia, kisha wakapima mvuke uliotoka. Risasi, kromi na nikeli zilikuwa nyingi zaidi kwenye mvuke kuliko kwenye chupa. Yaani kilichomo kilikuwa kimeokota kitu kutoka kwa kilichokibeba. Na hizo zilikuwa za viwandani, si za koki.

Hakunijibu mpaka tunafika Karatu. Aliposhuka akasema, "Shaba iwe ya bangili." Kesho yake alimrudia mzee akamwagiza bangili ndogo ya kumvika shemeji. Sijui kama ilikuwa ya kuomba radhi kwa suruali.

Basi, baada ya miezi minne ya kuchagua na kukataa, kitangi kikapatikana. Ndani ni mwili wa bomba la sindano, polipropilini, uliokatwa sentimita tatu na nusu. Juu na chini ni vizibo vya stenlesi aina ya vyombo vya chakula, vilivyochongwa na fundi wa mashine wa Arusha, na vimekazwa kwa hesi, hakuna lehemu hata tone. Kinachozuia kuvuja ni pete mbili za silikoni, si mpira wa kawaida, kwa maana mpira huvimba ukilowa mafuta. Na kwa nje kuna ganda la pembe ya ng'ombe, limetobolewa dirisha jembamba la kuchungulia kimiminika. Pembe inapokea kipigo cha barabara, plastiki inashika kimiminika, chuma kinashika joto. Kila kimoja mahali pake, kama udongo na kibuyu kwenye kiko cha wazee. Kimepanda kreta na kuteremka mara nyingi. Kimeanguka kwenye sakafu ya saruji. Hakijapasuka.

Ningeweza kuishia hapa, makala ikawa ya ufundi, na wewe msomaji ukaenda zako. Lakini kitu kizuri hakikai kimya. Dereva mmoja alikiona, akamwambia mwenzake, na mwishowe habari ikafika kwa vijana wa shule. Siku moja jioni nikamkuta jamaa kibandani na karatasi ya majina. Kumi na moja. Kila mmoja yuko tayari kutoa shilingi 40,000. Piga hesabu mwenyewe: ni 440,000, na yeye alikuwa anadaiwa kodi ya kibanda ya miezi mitatu, na mtoto alikuwa na wiki sita. Majina tisa kati ya hayo ni ya wanafunzi.

Nikamtazama. Akaanza kujitetea kabla sijauliza. "Sikiliza kwanza. Hawa watanunua tu, wataletewa za plastiki za Arusha, zitawapasukia. Zangu ni salama. Si wewe uliyenifundisha? Bora wavute kwenye chombo safi."

Hoja hiyo ina uzito, nisiseme uongo. Nilifikiri sana jinsi ya kuijibu. Usalama wa kitangi ni ahadi ndogo sana: kinaahidi kwamba hakitaongeza kitu cha kwake. Hakiahidi chochote kuhusu kile ulichomimina. Mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020 Marekani ilihesabu watu zaidi ya 2,800 waliolazwa au kufa kwa maradhi ya mapafu yaliyotokana na vepu, waliokufa wakiwa 68, na aliyeonekana kuwa mkosaji mkuu alikuwa mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye vimiminika vya bangi. Vitangi vyao vingi havikuwa na kosa. Na nikotini yenyewe haihitaji kuchafuliwa ili imfunge kijana wa miaka kumi na tano. Inamfunga ikiwa safi. Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kuwauzia tumbaku walio chini ya miaka 18. Uganda, kwa sheria yake ya 2015, ilipiga marufuku sigara za kielektroniki moja kwa moja. Jamaa anajua yote hayo. Yeye mwenyewe alianza kidato cha pili.

Lakini aliyemaliza mjadala si mimi. Shemeji alikuwa nyuma ya pazia ananyonyesha, na kibanda ni kidogo, kila neno linafika. Akasema polepole, bila hasira, "Baba Nani, huyu naye akifika kidato cha pili, utamuuzia kwa bei gani?"

Jamaa aliikunja ile karatasi mara mbili, mara nne, mara nane. Hakuichana. Aliiweka kwenye droo ya skrubu. Wiki iliyofuata aliuza simu yake akalipa kodi ya mwezi mmoja, na kwa iliyobaki mwenye nyumba alimpa muda. Wanafunzi walipokuja aliwaambia hatengenezi. Wawili walimtukana, mmoja alimwambia ameshapata Arusha, ya rangi ya zambarau. Madereva wawili waliokuwa wanataka kuachana na sigara aliwatengenezea, akachukua gharama za vifaa na chai.

Kitangi cha pembe bado anacho, na juu ya meza yake kuna daftari la shule la kurasa 48 alilolipiga mstari katikati. Kushoto anaandika sigara za siku hiyo, kulia anaandika mara ngapi amejaza kitangi. Kushoto pameanza kwa ishirini, pakashuka kumi na mbili, tano, mbili, pakapanda nne siku ya msiba wa mjomba wake, pakashuka tena. Tangu mwezi uliopita kushoto kuna sifuri zimepangana kama shanga. Kulia bado kuna namba. Nimemuuliza lini na huko patakuwa sifuri, akaniambia nisimharakishe, anachagua.